Masimulizi ya wakazi wa Dar yasiishie kwenye memori kadi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua, na tunaomba radhi mapema kwa urefu wa barua yenyewe.

Siku hizi ukipita Magomeni, Buguruni au Mbagala hukosi kukuta kijana kamsogezea bibi simu mdomoni, anamwuliza Dar ya zamani ilikuwaje. Ni jambo jema. Jiji lililokuwa na watu wapatao 273,000 kwenye sensa ya 1967 lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na walioijua ile Dar ndogo wanaondoka mmoja mmoja. Lakini sisi ni wanukuzi, yaani waandikaji wa maneno yaliyorekodiwa, na watunzaji wa rekodi za sauti, na tunajua kazi hizi zinakoishia. Simu inaibwa. Memori inajaa, faili linafutwa kupisha picha za harusi. Likisalimika, linaitwa "Recording 14", na hakuna anayejua bibi anayesema humo ni nani, yuko mtaa gani, na aliridhia maneno yake yasikike wapi. Ndiyo maana tunasema heri watu kumi na wawili waliorekodiwa mpaka mwisho, kwa maana ya ruhusa, maelezo na nakala, kuliko mia moja wenye sauti tupu.

Mambo huanza kupinda pale pa kuchagua nani arekodiwe. Ukifika mtaani unakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ndivyo inavyotakiwa, maana bila yeye utadhaniwa mpelelezi au mtu wa fidia. Mwenyekiti atakupeleka kwa mzee anayeheshimika: mwanamume, mwenye nyumba, aliyekuwa TANU, mwenye maneno. Mzee huyo atakupeleka kwa rafiki yake, na rafiki kwa rafiki. Ukimaliza watu kumi umerekodi baraza moja la kahawa, hujarekodi mtaa. Dar ni jiji la wapangaji. Ni jiji la makuli wa bandarini, mama ntilie, wasichana wa kazi, wapiga debe na mafundi cherehani wa Kariakoo. Wazaramo na Washomvi walikuwepo Mzizima, kijiji kilichokuwa hapa kabla ya Dar, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapa miaka ya 1860. Wakaja Wamanyema, Wangazija, Washihiri, Wagoa, Wabohora, Wamakonde waliokimbia vita vya Msumbiji, na kijana wa Kisukuma aliyeshuka stendi ya Mbezi Luis mwaka juzi (zamani tungesema Ubungo). Wote hao ni wakazi.

Dawa yake ni karatasi moja ya daftari. Juu andika miaka ya kufika mjini: kabla ya 1961, kati ya 1961 na 1974, kati ya 1975 na 1990, baada ya hapo. Pembeni andika mwenye nyumba, mpangaji, aliyelala kazini, na kila safu igawe wanawake na wanaume. Asiingie mtu wa tatu kwenye kisanduku kimoja wakati kingine bado kitupu. Na mtu wa kisanduku kitupu usimtafute kwa mwenyekiti. Mwulize mwenye genge, fundi viatu, mama wa kikoba, mwadhini, katekista, mlinzi wa hekalu.

Mpangaji anahitaji njia yake. Ukimwambia mama aliyepanga miaka arobaini "tueleze maisha yako", atakujibu kwa sentensi tatu: nilikuja, nimehangaika, namshukuru Mungu. Ana mengi, ila swali limekuwa pana mno, hajui ashike wapi. Mwulize vyumba. Chumba cha kwanza kilikuwa mtaa gani? Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukiingia kwenye korido, chako kilikuwa cha ngapi na mkono gani? Vile vitano vingine walikaa akina nani, wametoka wapi, wanafanya kazi gani? Maji mlichota uani au mlinunua kwa ndoo? Jikoni mlipikaje watu sita wenye majiko sita? Kodi ililipwa kila mwezi au miezi sita kwa mpigo, na dalali alichukua ngapi? Ulihama kwa nini? Mpe kalamu achore nyumba yenyewe, na kila anapogusa karatasi wewe sema kwa sauti, "hapa unaonyesha mlango wa uani", kwa sababu kinasa sauti hakina macho. Chumba kwa chumba, mwenye sentensi tatu anakuwa na saa mbili. Ndani yake unaliona jiji linavyomsukuma: Gerezani, kisha Keko, kisha Tandika, kisha Mbagala Rangi Tatu, kila mara mbali zaidi na mjini, na sababu karibu zote ni mbili tu, kodi imepanda au nyumba imeuzwa ijengwe ghorofa.

Miaka nayo usiiulize uso kwa uso. Mtu akibanwa atataja mwaka wowote ili akuridhishe, na mwaka huo ukishaandikwa utanukuliwa kama kweli. Uliza alipanda nini kwenda mjini na alitoa nauli ngapi. Akikwambia basi la DMT, ile kampuni ya mabasi ya zamani, bado hatujafika UDA, shirika la usafiri lililoichukua nafasi yake 1974. Akitaja daladala tumeshaingia 1983 na kuendelea, kwani jina lenyewe limetokana na nauli ya dala, yaani shilingi tano. Mabasi ya mwendokasi ni kuanzia 2016. Kuna vigingi vingine: nyumba kutaifishwa 1971, ambako wazee wengi wa Kihindi wa Upanga na Uhindini huanzia hesabu zao zote; Vita vya Kagera; msako wa Nguvu Kazi wa 1983, wa kuwaondoa mjini wasio na kazi; mvua za El Nino za 1997 na 1998; mabomu yaliyolipuka kwenye kambi za jeshi, ya Mbagala Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto Februari 2011; mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowatoa watu bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Ukimpata kati ya vigingi viwili inatosha. Akikosea, usimsahihishe pale pale. Andika kwenye daftari lako na uache sauti yake ilivyo.

Majina ya mahali nayo yanahama. Barabara ya Samora imewahi kuwa Acacia, kisha Independence. Barabara ya Pugu sasa ni ya Nyerere. Aliyesema mwaka 2010 kwamba anakaa Manzese, Kinondoni, alisema sawa; leo Manzese iko Ubungo. Na tangu 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji. Kwa hiyo kwenye maelezo andika jina alilolitamka na jina la sasa, yote mawili, pamoja na tarehe ya kurekodi. Bila tarehe hiyo jina la wilaya halina maana.

Tuje kwenye sauti, ambako hasara nyingi hutokea na hazirudishiki.

Adui mkubwa Dar ni feni. Mvumo wake unakaa kwenye sauti zile zile nzito za mtu mzima, na ukiuchuja kwa programu unaondoka na nusu ya maneno. Zima. Joto litakuwa kali, basi rekodi dakika arobaini, washa feni, mnywe maji, mwendelee. Friji nalo zima, ila weka funguo zako za nyumbani juu yake, usije ukaondoka ukaacha samaki wa watu wanaoza. Baraza la mbele linapendeza kwa picha lakini lina bodaboda, muuza barafu na spika ya duka la jirani. Sebule ya vigae yenye kuta tupu inarudisha mwangwi. Chumba kizuri kuliko vyote ni cha kulala, chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, kama heshima ya nyumba inaruhusu. Kama hairuhusu, tandika blanketi mezani na mkae pembeni mwa kochi la kitambaa. Saa nzuri ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, watoto wakiwa shule, hadi saa sita kasoro, kabla ya adhana ya adhuhuri. Msimu wa masika usipange kazi kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Mvua ikianza mmemaliza.

Maikrofoni ya kubana ikae sentimita ishirini hivi chini ya kidevu, kwenye nguo isiyosogea. Mtandio na khanga husugua, na msuguo huo masikioni ni kama mtu anakanyaga majani makavu. Ibane kwenye blauzi, waya ushikwe kwa plasta. Mwombe mama avue bangili kama ana tabia ya kuweka mkono mezani; ombi hilo analielewa ukimpa ajisikilize. Kiwango cha sauti kwenye kipimo cha kinasa kicheze karibu na desibeli −12, na akicheka asivuke −6. Sauti iliyo chini kidogo inainuliwa baadaye, lakini iliyogonga sifuri, mwisho wa kipimo, imepasuka na hakuna fundi wa kuishona. Chagua faili la WAV, lisilobana sauti, kilohezi 48, biti 24. Kama unatumia simu, iweke hali ya ndege, kwani simu nyingi zikipigiwa hukata kurekodi bila kukuambia, na mawimbi ya mtandao huingia kwenye waya yakaleta ule mlio wa dudududu. Vaa visikilizio muda wote, hata sikio moja. Wengi hawavai kwa aibu, wanaona kama ni kumvunjia mzee heshima, halafu wanafika nyumbani na saa nzima ya kimya kwa sababu waya ulichomoka. Mwanzo taja tarehe, mahali, majina na lugha. Mwisho nyamazeni sekunde thelathini mashine ikiendelea; kimya hicho cha chumba ndicho atakachokitumia anayesafisha sauti.

Ndugu nao wanataka hekima. Mtoto mkubwa wa kiume atakaa karibu, na kila bibi akiulizwa, atajibu yeye. Kumfukuza huwezi. Mpe kazi: azitoe picha za zamani za ukutani nje kwenye mwanga, azipige kwa simu moja moja, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio na mwaka. Mwahidi kumrekodi siku yake, na kweli umrekodi. Kama bibi anasikia utamu zaidi kwa Kizaramo, Kimakonde au Kikutchi, mwache aseme hivyo hivyo na tafsiri ije baadaye. Mkalimani asikae katikati kumkata kila sentensi.

Ruhusa iombwe mara mbili. Ya kwanza kabla ya kuanza: sisi ni nani, sauti itakwenda wapi, nani atasikia, unaweza kuacha wakati wowote. Hapo hapo sema wazi kwamba hii si TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, si fidia, si tathmini ya nyumba. Usiposema, nusu ya saa ya kwanza itakuwa malalamiko yaliyopangwa kwa ajili ya mtu wa serikali. Ya pili ni baada ya kumaliza, na hii ndiyo watu wanaiacha, wakati mtu hajui atasema nini mpaka ameshasema. Msikilizishe, kisha achague: wazi kwa wote, wasikilizaji wa maktaba tu, ndani ya jengo, familia tu, au ifungwe mpaka mwaka fulani. Asiyesoma asomewe fomu huku mnarekodi, ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Alama ya dole gumba ni nyongeza tu. Nauli na soda mpe. Usinunue masimulizi, yatanenepa kulingana na bei.

Hatari zinajulikana. Mzee akisema "kile kiwanja kilikuwa cha baba yake fulani", sauti hiyo inaweza kuishia baraza la ardhi. Kuna kutajana uchawi, kuna maradhi ya mtoto, kuna ndoa zilizovunjika na wahusika wako nyumba ya tatu. Nakala ya wazi ikatwe vipande hivyo na ionyeshe kwamba imekatwa. Ya asili ihifadhiwe nzima, imefungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya, dini na msimamo wa kisiasa katika kundi nyeti, na ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Wale wanaopakia kila kitu mtandaoni usiku ule ule waisome.

Jioni ya siku ile ile ndiyo kazi. Nakili kutoka kwenye kadi kwenda kompyuta, na kutoka hapo kwenda diski ya nje, ile watu wanaiita eksteno. Fungua nakala zote mbili, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Ndipo ufute kadi, si kabla. Nakala ya tatu ikae nyumba nyingine kabisa, kwani mwizi na mafuriko hawachagui kompyuta wakaacha diski iliyo meza moja. Jina la faili liwe na tarehe ikianzia mwaka, mtaa, namba ya mtu na namba ya kikao, kwa mfano 2025-06-14_Tandika_007_02, bila jina la mtu. Majina yakae kwenye daftari lililofungiwa. Usiamini tarehe ya mashine: ukitoa betri kwa muda, saa ya vinasa vingi hurudi tarehe ya kiwandani. Saa moja ya WAV tuliyoitaja, chaneli moja, ni kama MB 520. Watu arobaini kwa vikao viwili vya saa moja moja hawafiki GB 42. Nafasi ya kuhifadhi si kisingizio tena. Video ya saa moja inaweza kula GB 7 na zaidi, na mara nyingi inamfanya mtu akae kama yuko studio ya picha za pasipoti, kwa hiyo sisi hatuihimizi. Na kutuma kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti ni kuibana sauti isirudi tena; ukilazimika, itume kama faili la nyaraka.

Kunukuu ndiko kunakozika miradi. Saa moja ya sauti inataka saa sita hadi nane za mnukuzi mzoefu, zaidi kama lugha zimechanganyika. Wale watu arobaini wa saa themanini, kwa saa saba kila moja, ni saa 560: mtu mmoja wiki kumi na nne, akifanya saa arobaini kwa wiki. Kama hela hiyo haipo, usianze kunukuu, andika fihirisi. Kila dakika tano mstari mmoja: dakika ya 15, kufika Gerezani, chumba cha pili kulia, dakika ya 20, mwenye nyumba Mmanyema, ugomvi wa maji. Fihirisi ya saa moja inaandikwa kwa saa moja na nusu, na mtafutaji atakayekuja miaka thelathini baadaye ataishukuru kuliko manukuu yaliyoishia ukurasa wa nne.

Ukinukuu, nukuu alichosema. "Nshakaa Gerezani mie, ndo nkaja huku" isigeuzwe kuwa "Nimewahi kuishi Gerezani kabla ya kuhamia hapa." Kiswahili sanifu tunakipenda na ndicho kinachotulisha, lakini hapa kinafuta mtu. Penye kicheko andika kicheko, pasiposikika andika dakika na sekunde. Zile programu za kompyuta zinazonukuu zenyewe zinasaidia rasimu, ila zina ugonjwa wa kujaza kimya kwa maneno ambayo hayakusemwa, na majina ya mitaa na ya watu ndiyo huharibika kwanza. Lazima mtu asikilize yote upya.

Mwenye masimulizi apewe nakala yake, katika umbo atakaloweza kulisikia. Wazee wengi hawana kompyuta, lakini wana zile redio ndogo za kuchomeka flashi au memori kadi. Nyingi husoma MP3 tu, kwenye kadi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Ukimpa WAV ya biti 24 itakaa kimya naye ataona umemdanganya. MP3 ya kilobiti 128 ni kama MB 60 kwa saa, kikao chote kinaingia kwenye kadi ndogo kuliko zote sokoni. Ichomeke mbele yake, mwache asikie dakika moja, ndipo uage.

Ombi letu ni kwa halmashauri tano za Dar es Salaam, kwa Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kijana wa Tandika aliyefanya haya yote hajui ampelekee nani. Iwepo meza moja, hata siku moja kwa wiki, inayopokea bahasha ya kila aliyerekodiwa: fomu mbili za ruhusa, mchoro wa vyumba, fihirisi, picha za mbele na nyuma, na flashi. Mpokeaji asikilize dakika tano, ahakikishe faili linafunguka, agonge muhuri, ampe kijana stakabadhi yenye namba. Bahasha isiyo na fomu ya pili irudishwe.

Ni sisi wasomaji wako,
Wanukuzi wa masimulizi,
Dar es Salaam